Kinamasi cha kutengenezwa cha kusafisha maji ya mvua: maswali ambayo watu wa Kisumu na Nakuru huuliza kila mara

Haya maswali yanarudi kila wakati, kwa baraza, kwa mikutano ya vikundi vya maji, kwa shule, hata kwa simu usiku. Yamepangwa kuanzia yale ya kawaida mpaka yale magumu. Kama jibu liko kwa swali lingine utaelekezwa huko.

## Ya mwanzo kabisa

Hii kitu ni nini haswa?

Ni kinamasi kilichochimbwa na watu, kikapandwa mafunjo na matete, kikawekwa pale maji ya mvua hupita kabla hayajafika kwa bwawa, mto ama ziwa. Maji yanaingia na mbio upande mmoja yakiwa yamebeba kila kitu, yanapunguzwa kasi, yanalala hapo siku moja mbili au zaidi, halafu yanatoka polepole upande ule mwingine yakiwa masafi kuliko yalivyoingia. Hakuna stima, hakuna dawa.

Lakini si kuchimba shimo tu na kuondoka. Lazima kuwe na dimbwi la kwanza la kukamata tope, halafu uwanja mpana wa maji ya kina kifupi wenye mimea, halafu mlango wa kutokea unaoweza kupandishwa na kushushwa, na njia ya pembeni ya kupitisha ile mvua kubwa kupita kiasi. Dimbwi la kwanza ndilo watu hupenda kuruka wakitaka kuokoa pesa, na ndilo linaamua kama hiyo kazi itaishi miaka ishirini ama miwili.

Kwani maji ya mvua ni machafu? Si yanatoka juu?

Yakianguka hayana shida, shida inaanzia chini. Kisumu mvua ikipiga jioni maji yanapita mabati, lami, soko, gereji, mazizi, yanapita Manyatta na Nyalenda ambako vyoo vya shimo hufurika, yanaingia mto Auji, na upande ule mwingine Obunga yanaingia mto Kisat, mwisho wake wote ni Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria. Na kwa hiyo hiyo ghuba, pale Dunga, ndipo mji unavuta maji ya kunywa. Kwa hivyo kile umetupa kwa mtaro wiki hii unakivuta kwa paipu baadaye, na unalipa bili ya kukitoa.

Ndani ya hiyo maji kuna mchanga, oil, mavi ya ng'ombe na ya mbwa, plastiki, zinki kutoka kwa mabati na tairi, mbolea kutoka shambani. Naitrojeni na fosforasi ndio chakula cha hyacinth (lile gugu maji la ziwani) na cha ule mwani wa kijani unaofunika maji kama rangi. Na dakika za kwanza za mvua ndio mbaya zaidi, hasa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, kwa sababu inaosha uchafu wa miezi yote kwa mara moja.

Inasafisha aje bila dawa?

Kwa njia kadhaa zinazoenda pamoja. Ya kwanza ni maji kutulia: yakikosa mbio, mchanga na tope vinashuka chini, na uchafu mwingi, kwa mfano zinki, risasi (ile metali) na sehemu kubwa ya fosforasi, husafiri ukiwa umeshikilia tope, kwa hivyo ukikamata tope umekamata na hivyo vingine. Ya pili ni mashina ya mimea, yanachuja, na juu yake kunaota utelezi wa bakteria ambao wanakula uchafu wa kuoza. Kuna bakteria wanaotaka hewa na wengine wanaoishi ndani ya tope lisilo na hewa, na wakishirikiana wanageuza amonia kuwa naitreti halafu naitreti kuwa gesi ya naitrojeni inayorudi angani. Vijidudu vya magonjwa hupungua kwa jua, kwa kuliwa na viumbe wadogo, na kwa kukaa muda mrefu nje ya tumbo la mtu.

Watu hudhani mafunjo yenyewe ndio yanakunywa uchafu. Yanachukua kiasi, ndiyo, lakini kazi kubwa ni kutengeneza makao ya hao bakteria na kuzuia maji yasikimbie.

Inatoa uchafu kiasi gani?

Kinamasi kilichopimwa vizuri na kinachotunzwa kinaweza kutoa asilimia 70 hadi 80 ya tope linaloelea. Fosforasi ni karibu nusu au chini kidogo, naitrojeni mara nyingi ni chini ya hapo. Vijidudu hupungua sana siku nzuri, na siku ya mvua kubwa havipungui vile. Chumvi haitoki. Floraidi pia haitoki, na hii watu wa Nakuru waishike kabisa, kwa sababu floraidi ya visima vya Bonde la Ufa inatoka kwa mawe ya chini, si kwa barabara, na mimea haiwezi kuigusa.

Mtu akikuambia chake kinatoa asilimia 99 ya kila kitu, muulize kwanza tope atalipeleka wapi.

Maji yakitoka pale naweza kunywa?

Hapana. Hata yakionekana kama kioo. Kazi ya kinamasi ni kupunguzia mtambo wa maji mzigo, ili wale mafundi watumie alamu (dawa ya kutulizia tope) kidogo na vichujio visizibe kila siku, na bwawa lisijae tope haraka. Baada ya hapo bado yanachujwa, bado yanatiwa klorini. Kama ni bwawa la kijiji lisilo na mtambo, chemsha au tia dawa nyumbani kama kawaida.

## Kwetu hapa

Kisumu tuko na mafunjo Dunga tayari, na kuna kinamasi cha Yala. Kwa nini tusielekeze mitaro huko?

Kwa sababu hivyo vinamasi vya asili viko na kazi yao na watu wao. Dunga kuna wavuvi, kuna wanaokata mafunjo ya mikeka, kuna ndege ambao watu husafiri mbali kuja kuwaona, samaki wanazaliana mle. Ukimwaga mtaro wa mji hapo bila kutoa tope, mchanga unajaza, maji yanatoboa njia moja katikati, yanapita mbio kama kwa mtaro na husafishi chochote, na umeharibu kinamasi kizima. Kinamasi cha kutengenezwa kinawekwa juu zaidi, karibu na uchafu unakotoka, ndio kile cha asili kipate maji yaliyotulia tayari. Na usifyeke cha asili ili utengeneze kingine mahali pale pale, hiyo ni hasara, na kisheria utasimamishwa (angalia swali la ruhusa).

Nakuru ziwa ni la magadi, hakuna mtu anakunywa hiyo maji. Haja gani?

Haja ni kubwa kuliko Kisumu kwa njia moja: Ziwa Nakuru halina mto wa kutoka. Njoro, Makalia na Nderit zinaingia, mitaro ya mji inaingia, na maji yanatoka kwa kukauka na jua tu. Maji yanaondoka, zinki na risasi zinabaki. Plastiki inabaki. Kila mwaka inaongezwa juu ya ile ya mwaka jana, ndani ya hifadhi ya taifa, kwa ziwa lililoingizwa kwa orodha ya Ramsar, ile ya vinamasi muhimu duniani, mwaka wa 1990, lile la heroe. Mji umekuwa jiji Desemba 2021, maana yake ni lami zaidi na mabati zaidi, na maji yaliyokuwa yanaingia ardhini sasa yanakimbia chini hadi ziwani.

Halafu kuna mabwawa ya maji ya kunywa kwenyewe. Turasha inaleta maji upande wa Gilgil na Nakuru, na mashamba yako juu yake. Vinamasi vidogo vidogo kwa vijito vinavyoingia bwawa vingezuia udongo mwingi, na udongo ndio unaua mabwawa yetu, unakula nafasi ya maji mwaka baada ya mwaka mpaka kiangazi kimoja tunashangaa bwawa limekauka mapema.

Imeshajaribiwa Kenya au ni mambo ya nje?

Imejaribiwa. Mashamba ya maua Naivasha yamekuwa yakitumia vinamasi vya kutengenezwa kwa maji yao kwa miaka mingi. Chemelil, kwa kiwanda cha sukari, watafiti walijenga vijishamba vya maji vyenye mafunjo vikipokea maji kutoka kwa mabwawa ya kiwanda, na ripoti zake zilichapishwa.

Ila tofauti iko na ni muhimu. Shamba la maua linatoa maji karibu kiasi kile kile kila siku. Maji ya mvua hayaji kabisa wiki tatu, halafu yote yanakuja kwa dakika arobaini. Kwa hivyo usinakili mchoro wa shamba la maua ukauweka chini ya mtaro wa mjini, mvua ya kwanza ya Aprili itaubeba wote.

## Kujenga

Inataka nafasi gani?

Kwa kukadiria, asilimia 2 hadi 5 ya eneo linaloleta maji. Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mtaa wa hekta 10, mvua ya milimita 25, na asilimia 60 ya hiyo mvua inakimbia badala ya kuingia ardhini. Hiyo ni mita za ujazo 1,500. Ukiyahifadhi kwa kina cha wastani cha nusu mita, unahitaji mita za mraba 3,000, karibu plot sita na nusu za futi hamsini kwa mia.

Najua mjini hiyo ardhi ni pesa nyingi, na hapa ndipo mipango mingi inakufa. Angalia uwanja wa shule wa chini, kingo za barabara, ardhi ya kaunti inayofurika kila mwaka na hakuna mtu anaweza kujenga. Vidogo vitatu vilivyotawanyika juu mara nyingi ni rahisi kupata kuliko kimoja kikubwa chini, na vikiziba kimoja vingine bado vinafanya.

Kina na umbo vikae aje?

Refu kuliko pana, angalau mara tatu, ili maji yasikate kona moja kwa moja mpaka mlangoni. Sehemu ya mimea sentimita 15 hadi 50, na vishimo vichache vya mita moja vya samaki kukimbilia. Dimbwi la kwanza liwe na kina cha mita moja hadi moja na nusu, chini liwekwe mawe au zege ndio anayechota tope ajue amefika mwisho, na liwe na njia ya mkokoteni au tinga. Pale maji yanaingia weka wavu wa chuma wa kushika chupa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017 lakini chupa na nepi bado zinakuja, na nepi moja inatosha kuziba paipu.

Tupande nini?

Mafunjo, matete na jamii za nyasi za kinamasi zinazoota mto wa karibu, chimba vipande vya mizizi kidogo kidogo bila kumaliza pale unapotoa. Kwa tuta panda nyasi za kushika udongo, vetiva inafanya vizuri. Panda kabla ya mvua ndefu na uweke maji kidogo tu mwanzo, miche ikizama kabisa inakufa.

Hyacinth hapana. Wengine husema inakua haraka na inakunywa mbolea nyingi, na ni kweli, lakini ikitoroka na mvua umeongezea mwenzako wa ziwani adhabu, na mkeka wake unazuia jua na hewa na kuficha viluwiluwi vya mbu.

Udongo wetu Nakuru unanyonya maji. Itashika?

Jaribu kwanza: chimba shimo la nusu mita, jaza maji, yaache yaishe, jaza tena upime usiku mmoja. Udongo wa majivu ya volkano unaweza kumaliza yote asubuhi. Hapo unaweka udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa ama plastiki nzito ya bwawa. Pia Nakuru kuna nyufa za ardhi, mahali ambapo barabara au shamba liliwahi kudidimia usichimbe bila mtu wa jiolojia kuangalia. Nyanda za Kano, upande wa Kisumu, shida ni kinyume, udongo mweusi unashika maji sana lakini unapasuka kiangazi, kwa hivyo tuta lisiachwe likauke wazi bila nyasi.

Ruhusa tunaomba wapi?

Anza na kaunti, kwa sababu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa kaunti kazi ya mitaro ya maji ya mvua mijini. Halafu NEMA, mamlaka ya mazingira ya taifa, kwa mambo ya tathmini ya mazingira chini ya sheria ya 1999 na kanuni za 2009 za vinamasi na kingo za mito, na WRA, mamlaka ya rasilimali za maji, chini ya Sheria ya Maji ya 2016 ukigusa mto au kuzuia maji. Kando ya mto kuna ukanda wa mita 6 hadi 30 usiochezewa. Andikeni kwa karatasi tangu mwanzo nani ana jukumu la kutoa tope, ofisa akihama hiyo karatasi inabaki.

## Mbu, watoto na harufu

Si mnatuletea malaria?

Hili ni swali la haki kabisa, kanda ya ziwa malaria si hadithi, na anayelijibu kwa kucheka asijenge chochote.

Mbu anataka karibu wiki moja hadi mbili kutoka yai mpaka kuruka. Maji yanayokauka kwa siku tatu nne hayamfai, na maji yenye samaki wengi hayamfai. Mbu wa malaria aitwaye Anopheles gambiae anapenda vidimbwi vidogo vyenye jua, nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali, alama za tairi. Mwenzake funestus anapenda maji ya kudumu yenye majani pembeni, na huyo ndiye kinamasi kibaya kinaweza kumfuga, tusidanganyane. Kwa hivyo kingo ziwe safi zenye mteremko wa kueleweka, majani yaliyolala yaondolewe, maji yasogee hata polepole, samaki wawe na njia ya kufika kila kona, chupa na makopo yatolewe kila wiki, na ng'ombe wasikanyage ukingoni. Kama kuna nyumba karibu sana, tumia aina ya kokoto: maji yanapita chini ya mawe na hakuna uso wa maji wa kutagia. Ni ghali zaidi na inaziba haraka na tope, kwa hivyo lazima dimbwi la kwanza liwe zuri.

Na pima. Chota maji na kikombe cheupe kila wiki, hesabu viluwiluwi, andika, muonyeshe afisa wa afya ya umma. Wakazi wakiona hesabu inafanywa wanakuwa na nguvu ya kudai ikizidi.

Tukishikilia maji juu ya nyumba, haitakuwa kama Solai?

Tarehe 9 Mei 2018 bwawa la shamba la kibinafsi lilipasuka Solai na zaidi ya watu 40 wakafa, kwa hivyo mtu wa Nakuru akiuliza hivi asikilizwe. Kinamasi kinashikilia nusu mita ya maji, si ukuta mrefu wa udongo wenye ziwa nyuma yake, na kile kinachozidi kinapita njia ya pembeni. Hatari inaingia watu wakianza kupandisha mlango wa kutokea ili wapate maji ya kumwagilia. Funga huo mlango na kufuli, ufunguo ukae kwa kamati. Kwa watoto, ukingo wa ndani uanze na mita mbili tatu za maji ya kufika kifundo cha mguu, na dimbwi la kwanza lizungushiwe uzio, hilo ndilo la kuzama.

Itanuka?

Kikinuka mayai yaliyooza kuna kitu: ama choo kimeunganishwa kwa mtaro, ama tope limejaa. Kinamasi chenye afya kina harufu ya matope tu.

## Kutunza

Nani anatoa tope na mara ngapi?

Hapa ndipo ningetaka usome mara mbili. Vinamasi havifi kwa sababu mimea ilikuwa mibaya, vinakufa kwa sababu hakuna aliyerudi na koleo. Dimbwi la kwanza likijaa nusu, toa. Kwa mji wenye barabara za murram hiyo inaweza kuwa kila mwaka, kabla ya Machi na tena kabla ya Oktoba, kwa mtaa wa lami inaweza kukaa miaka kadhaa. Simamisha mti wenye alama za rangi ndani, mtu yeyote akipita aone tope limefika wapi. Wavu wa takataka ni baada ya kila mvua kubwa. Mafunjo yakatwe kwa zamu, theluthi moja moja, usifyeke yote kwa siku moja.

Ukiwa na pesa za kujenga na huna za koleo la miaka mitano, jenga kidogo zaidi na uweke hizo nyingine benki.

Tope na mafunjo tufanyie nini? Na nduma?

Mafunjo ni ya mikeka, vikapu, kuezekea, mboji. Tope la eneo la mashamba tu linaweza kurudi shambani. Tope la barabara na gereji lisiguse mboga, lina metali, lipimwe na lizikwe mahali kaunti imekubali. Nduma itaota vizuri ajabu kwa kinamasi na ndio maana watu watajaribu kuipanda usiku. Usikubali, chakula cha mizizi kwa tope la mji ni hatari, na samaki wa mle ni wa kula mbu, si wa kuliwa.

Kiangazi je?

Mafunjo yanavumilia wiki kadhaa kama mizizi ina unyevu. Vile vishimo vya mita moja ndivyo vinabaki na maji na samaki. Juu ikikauka manjano usiogope wala usichome moto.

## Maswali magumu

Mtaro wetu una maji ya choo ndani. Bado itafanya?

Itafanya kwa muda halafu itashindwa. Maji ya choo ya kila siku yanataka mtambo wake, Kisumu kuna Kisat na mabwawa ya Nyalenda, Nakuru kuna mitambo yake pia. Tembea mtaro siku kavu: kama kuna maji yanatiririka na hakujanyesha, fuata juu mpaka upate paipu. Hiyo ndiyo kazi ya kwanza, kabla ya kuchimba chochote.

Tuko chini ya gereji za jua kali na car wash.

Wekeni shimo la kutenganisha oil pale pale kwa gereji. Oil ikifunika maji hewa haiingii na bakteria wale wa kazi wanakufa. Oil chafu kuna wanaonunua, kwa hivyo fundi akipewa pipa na mnunuzi mara nyingi atakubali bila vita.

Ziwa likipanda?

Victoria ilipanda sana 2020 na tena 2024, na Ziwa Nakuru limemeza mpaka lango la zamani la hifadhi. Kinamasi kilichojengwa usawa wa ufuo kitazama na tope lake lote litaingia ziwani. Kaa juu ya alama ya maji ya juu kabisa ambayo wazee wa hapo wanaikumbuka, halafu ongeza. Upande wa Dunga kumbuka viboko pia, wanakula usiku na tuta laini halimzuii kiboko.

Ardhi tuliyopata iko karibu na uwanja wa ndege.

Maji wazi yanaleta ndege wakubwa, na ndege mkubwa kwa injini ni ajali. Kisumu uwanja uko ufuoni kabisa, kwa hivyo ongea na wasimamizi wa uwanja kabla ya kupima, na uende na aina ya kokoto iliyotajwa kwa swali la malaria.

Mimi nina bwawa dogo la shamba tu, Bungoma. Naweza?

Unaweza, na ni rahisi. Pale maji yanapoingia bwawa chimba dimbwi la tope la hatua nne kwa mbili, baada yake acha ukanda wa matete wa hatua kumi au zaidi, zuia ng'ombe wasipite hapo na uwawekee hori ya kunywea nje. Tope la hapo ni udongo wako mwenyewe ulioteremka, mwisho wa kiangazi libebe lirudi kwa mahindi.